Sosho ya gredi ya nne huanzia kwa mtungi wa maji

Mwalimu mwenzangu akiniuliza aanzie wapi kufundisha watoto wadogo jiografia ya sosho, yaani maarifa ya jamii, mimi humwambia aanze na mtungi wa maji. Aache kwanza ile ramani ya dunia na zile sayari, atafika huko. Mimi nafundisha Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, upande wa Juja Road, na karibu kila mtoto kwa darasa langu amebeba mtungi asubuhi kabla aje shule ama amemwona dadake akibeba, anajua kioski ya maji iko wapi, anajua siku gani maji hupotea na bei inapanda, anajua ukichelewa unapata laini imefika barabarani. Hiyo yote tayari ni jiografia, ni vile tu hakuna mtu amewahi kumwambia.

Kwa hivyo mimi huuliza tu, haya maji umebeba yametoka wapi? Kwa bomba, mwalimu. Na bomba imetoa wapi? Kwa tangi. Na tangi? Hapo kunakuwa na kimya halafu mmoja anasema "kwa kanjo", yaani serikali ya jiji, na wengine wote wanakubali. Ni jibu zuri kuliko venye linasikika juu mtoto ameshaelewa kwamba maji hayaji tu yenyewe, kuna watu wanayaleta. Kutoka hapo tunarudi nyuma pole pole. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lilimalizika 1994, linashika karibu mita za ujazo milioni 70, na linajazwa na mito inayoshuka kutoka misitu ya Aberdare. Yanasafishwa Ngethu, yanateremka na mabomba makubwa hadi matangi ya Gigiri, halafu ndio yanagawanywa jijini. Wakisikia Gigiri darasa huamka, juu wengine mama zao hufanya kazi za nyumba upande ule na wanajua kule mfereji hautoki hewa.

Kuna kijana mmoja, huwa haongei sana, aliwahi kuinua mkono akauliza, kwa hivyo mvua ikikosa Murang'a sisi tunakosa maji hata kama huku inanyesha? Na kabla nijibu jirani yake akamwambia ndio, na ikinyesha huku haitusaidii, inatubeba. Hao ni watoto wa miaka tisa, kumi. Hiyo ndiyo silabasi inataka tukisema uhusiano wa binadamu na mazingira, na wameifikia wenyewe bila hata kufungua kitabu.

Tangu hapo nimeshika maswali mawili na sijawahi kuyaacha. Hii kitu imetoka wapi, na ikitoka hapa inaenda wapi. Tulifanya na chakula pia, nikawatuma kila mtu aulize mama mboga wa karibu na kwao ametoa wapi vitu vyake, wakarudi na majibu mengi kuliko nilivyotarajia, viazi Nyandarua, mchele Mwea, nyanya Kirinyaga na zingine Loitokitok, vitunguu vingine vimevuka mpaka kutoka Tanzania, omena Ziwa Victoria, na karibu kila kitu kimepitia soko la Marikiti ama la Gikomba alfajiri kukiwa bado giza. Tukachukua ramani ya Kenya tukavuta uzi kutoka kila mahali hadi Nairobi. Wakaiangalia, halafu mtoto mmoja akauliza mbona kule juu hakuna uzi hata mmoja, Marsabit, Wajir, Turkana, kwani hao watu hawatuletei kitu? Nikawarudishia swali, mbuzi za Kiamaiko hutoka wapi? Kiamaiko ni soko la mbuzi, iko hapa jirani, watoto wengine hupita katikati ya hizo mbuzi wakija shule. Kesho yake uzi wa kaskazini ukawa mnene kuliko zingine, na sasa ukiwaambia kule mvua ni kidogo kwa hivyo watu hufuga badala ya kulima, wanasikia ukiongea juu ya watu wanaowajua.

Pande za dunia zinataka mwalimu atoke nje. Ukiwafundisha na ramani ya ukutani peke yake watakwambia kaskazini ni juu, na ukiwaambia waonyeshe kaskazini na mkono wataonyesha dari, nimeona hivyo kila mwaka na si makosa yao, ramani ndio imewaambia hivyo. Sisi husimamisha mpini wa ufagio uwanjani, tunaweka kokoto penye kivuli kinaishia. Jambo zuri na Nairobi ni kwamba tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo kivuli cha mchana hapa hakikai upande mmoja mwaka wote. Februari kinaelekea kaskazini, katikati ya Machi kinakaribia kupotea kabisa chini ya mpini, Juni kimegeuka kinaangalia kusini. Chukueni hiyo picha mara tatu kwa mwaka muone nyuso za watoto. Na msifanye saa sita kamili, saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki na Nairobi iko karibu na 37, ndio maana jua letu linafika juu kabisa kama saa sita na nusu hivi.

Sasa mtoto akishajua magharibi na mashariki bila kubahatisha ndio unaweza kumwonyesha mteremko. Limuru inapita mita 2,000 juu ya bahari, katikati ya jiji tuko kama 1,700, halafu ardhi inaendelea kushuka kuelekea mashariki. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Museum Hill, Gikomba, unakuja huku Eastlands, na Mto Mathare wetu unauingia kule chini upande wa Korogocho na Dandora. Mtoto wa Mathare akisimama kwa daraja akiangalia maji yanakotoka anaangalia magharibi, kwa watu wa juu. Sitaki waseme watu wa juu wakimaanisha matajiri, nataka waseme wakimaanisha mwinuko, ingawa kwa Nairobi hizo maana mbili zinatembea pamoja na watoto wameliona hilo kabla yangu.

Kuna jaribio moja ningependa kila shule ya jiji ifanye juu halihitaji pesa. Tafuta mitungi mitatu ya plastiki iliyotoboka, ikate ubavu, iweke ikiwa imeinama kidogo juu ya tofali mdomo ukiangalia chini. Wa kwanza weka udongo wenye nyasi na mizizi yake, wa pili udongo mtupu, wa tatu udongo uliofunikwa na kipande cha bati. Chini ya kila mdomo weka kopo. Halafu toboa mkebe matundu mengi, umwage maji kiasi sawa kwa yote mitatu kama mvua. Ule wa nyasi unachelewa, maji yanatoka kidogo kidogo na yako karibu safi. Ule wa udongo mtupu yanatoka ya kahawia na ukiyaacha yatulie unaona tope limekaa chini ya kopo. Ule wa bati, kabla mkebe uishe kopo limejaa linamwagika. Usiseme kitu. Mimi hukaa kimya kabisa hapo. Mwaka mmoja msichana wa nyuma akasema, mwalimu, huo wa tatu ni Nairobi.

Ndio, ni Nairobi. Kilimani na Kileleshwa zamani zilikuwa nyumba moja moja zenye bustani kubwa, leo ni fleti na parking ya kabro, na maji ambayo yangezama kwa hizo bustani sasa yanakimbia kwa mtaro yakitafuta mto, na mto unakuja kwetu. Huku nako ni mabati yamegusana hadi mtoto anaweza kutoka kwao hadi dukani bila kunyeshewa. Ukifika mashariki zaidi, Embakasi na kwingine, udongo ni ule mweusi wa kunata, ukishalowa unakataa maji mengine. Kwa hivyo mafuriko hayaletwi na mvua peke yake, yanaletwa na mvua pamoja na kila kitu tumeifanyia ardhi kuanzia juu hadi chini.

Na hapa nataka kukaa kidogo juu ndio sababu nimeamua kuandika.

Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, watu walikufa, nyumba zikabebwa. Kufungua shule kukaahirishwa nchi nzima, tukafungua tarehe 13 Mei, na wakati huo tayari amri ilikuwa imetoka kwamba wanaoishi ndani ya mita 30 za mto wahame, na tingatinga zikafuata. Darasani kulikuwa na viti havina watu. Wengine walirudi baada ya wiki kadhaa, wengine walienda ushago na hawakurudi. Na mpango wa kazi wa muhula ulikuwa umeandikwa, utunzaji wa mazingira, mito na vyanzo vya maji. Nikajiuliza nitasimama vipi mbele ya mtoto ambaye nyumba yao imebomolewa juu ilikuwa karibu na mto, nimfundishe kwamba watu hawafai kujenga karibu na mto, nimpe swali la maksi mbili, taja njia mbili za kulinda mito. Atajibu aje, kwamba sisi kuondoka?

Nilisukuma hiyo mada mbele. Nikaanza na mengine, vivuli, mitungi, chakula. Tulipofika kwa mto niliweka mambo mawili wazi. Moja, hakuna mtu anaulizwa nyumba ya nani ilibebwa, anayetaka kusema atasema. Mbili, hakuna anayelazimishwa kuchora kwao. Walimu wanaokuja huku mtaa, tafadhali, hili lishikeni, mambo ya kuchora nyumba yetu yanaonekana rahisi hadi ukutane na mtoto ambaye hana cha kuchora.

Halafu nikauliza, mto wetu umechafuliwa na nani? Darasa zima kwa sauti moja, "Ni sisi!" Hiyo jibu iliniuma na bado inaniuma. Walilisema haraka sana, kama wimbo, juu wamelisikia kwa mabango, kwa wageni wanaokuja kusafisha mto Jumamosi wakipiga picha, hata kwa walimu. Mtoto wa miaka kumi ambaye mtaa wao hauna sewa ya kueleweka na lori la taka haliwezi kuingia kwa njia zao amefundishwa aseme ni yeye.

Sikuwaambia si nyinyi, hiyo pia ingekuwa uongo. Nilichofanya ni kuwapeleka kwa daraja, tukasimama penye ni salama, kila mtu aandike kitu kimoja anachoona kwa maji, kinachonuka pia kinahesabika. Tukarudi darasani tukabandika karatasi kubwa. Karatasi za nailoni, choo, mafuta ya gari, maji ya rangi, mifupa, nguo, udongo, chupa. Kisha kwa kila kimoja lile swali letu, kimetoka wapi. Mafuta yametoka gereji. Udongo umetoka mahali pamechimbwa, pengine mjengo wa mbali. Choo kimetoka kwa choo ambacho hakijaunganishwa na sewa. Halafu nikaongeza swali jipya, nani angeweza kukizuia? Tukachora safu, mimi, mzazi wangu, mwenye nyumba, kaunti, mwenye biashara, watu wa juu ya mto.

Safu ya "mimi" ilikuwa fupi lakini haikuwa tupu, na mimi nashikilia kwamba isiwe tupu. Karatasi ya biskuti ni yangu. Chupa ni yangu. Lakini safu ya kaunti ilijaa hadi ikaenda nyuma ya karatasi, na safu ya mwenye nyumba pia, juu watoto wanajua vizuri sana nani anajenga ploti ya vyumba ishirini na choo kimoja. Mtoto mmoja akaangalia hiyo karatasi kwa muda, akasema kumbe ni watu wengi. Ndio, ni watu wengi. Ukimfundisha mtoto mazingira kwa aibu hataangalia tena mto, atageuza uso kila akipita, na mtu asiyeangalia hawezi kujua kitu. Ukimfundisha kuhesabu nani anafanya nini, ataendelea kuangalia.

Tukauliza pia kwa nini watu waliishi hapa tangu mwanzo. Mathare kulikuwa na machimbo ya mawe, mawe ya kujenga hili jiji yalitoka kwa haya mabonde, na watu wakakaa karibu na kazi na mahali kodi inalipika. Jiografia ya makazi kwa kitabu ni "watu hukaa penye maji na udongo mzuri." Huku ni kodi, nauli na kazi. Waambieni watoto hivyo, wazazi wao hufanya hiyo hesabu kila mwisho wa mwezi.

Na maji yakitupita yanaenda wapi? Yanaingia Athi, yanapita Machakos na Makueni, yanakata Tsavo yakiitwa Galana, na kule mwisho yakiitwa Sabaki yanaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, na msimu wa mvua bahari pale hugeuka rangi ya udongo. Watoto walinyamaza. Halafu mmoja akauliza, watu wa Malindi wanatujua? Walikuwa wamezoea kuwa watu wa chini, wanaopokea, na hapo wakaona kumbe kuna mtu kwake wao ni watu wa juu. Sijawahi kupata njia bora ya kufundisha wajibu kuliko hiyo, na sikuipanga.

Baada ya hayo yote lazima uwape kitu cha kuonyesha mambo hubadilika, la sivyo unawaachia uzito tu. Mimi huwaambia kuhusu mifuko ya plastiki. Hawa watoto hawakumbuki, lakini sisi tunakumbuka vile kila ua na kila mti ulikuwa na juala limenasa, hadi tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza, na faini inafika shilingi milioni nne. Nawaambia waulize wazazi nyumbani mtaa ulikaa vipi kabla. Wanarudi na hadithi hadi muda unatuishia. Na Karura, tunapanda mguu ama gari kutegemea pesa, haiko mbali. Hekta elfu moja na kitu za msitu katikati ya jiji, ambazo Wangari Maathai na wenzake walizipigania mwaka 1999 wakapigwa na walinzi, na leo zimesimama. Watoto wakiingia jambo la kwanza wanasema ni baridi. Nawaambia shikeni udongo, sasa kumbukeni ule mtungi wa kwanza.

Ramani yetu wenyewe huwa tunachora mwisho wa mwaka, kwa hatua, kila mmoja anahesabu hatua zake kutoka shule hadi mahali amechagua, tunageuza hatua kuwa sentimita, hiyo ndio skeli. Ramani za wasichana huwa na vichochoro wanavyoepuka jioni, za wavulana zina viwanja. Nawaambia kuhusu vijana wa Kibera walioanza kuchora mtaa wao 2009 wakati kwa ramani nyingi ulikuwa kama nafasi tupu. Mtoto akisikia kwamba mtu anaweza kuishi mahali na ramani iseme hakuna kitu, anachora kwao kwa makini sana.

Walimu wengine huniambia haya yote yanakula muda na mtihani wa gredi ya sita unakuja na uko kwa Kiingereza. Ni kweli unakula muda. Mimi huacha waongee kwanza vile wanaongea nyumbani, Kiswahili, Sheng, yoyote, wakishaelewa ndio tunaandika kwa lugha ya mtihani, na maneno hukaa juu yana mahali pa kukaa. Wanaojibu vizuri maswali ya mvuke na mmomonyoko ni walewale walioshika makopo.

Muhula ujao tunafuata taka. Kila kikundi kitachagua kitu kimoja kutoka kwa pipa la shule, tufuate njia yake, nani anakiokota, nani anakinunua kwa kilo, kipi kinafika Dandora, jalala lililofunguliwa miaka ya sabini na likatangazwa limejaa 2001 na bado malori yanaingia. Nimeshaongea na mzazi mmoja anayefanya kazi ya kuchambua plastiki, amekubali kuja kuwafundisha vile anavyotofautisha aina za plastiki kwa mkono tu, na nimemwambia siku hiyo mimi nitakaa kwa dawati.